Siri ya 1897, mtafiti wa leo: riwaya ya nyuzi mbili inavyojengwa, kwa mifano ya Iringa

Mwishoni mwa Desemba 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe. Mkwawa mwenyewe alikuwa porini akisakwa. Februari 1897, hata miezi miwili haijatimia, Wajerumani walewale wakamnyonga Mpangile kwa tuhuma kwamba kwa siri alikuwa upande wa ndugu yake. Tuhuma hizo tunazo kwa maandishi ya upande mmoja tu, nao ni ule uliofunga kitanzi. Nani alipeleka maneno bomani? Nani alinufaika Mpangile alipoondoka? Makaratasi yanajibu nusu, au hayajibu kabisa.

Pengo la namna hiyo ndilo chakula cha riwaya ya kihistoria yenye nyuzi mbili. Uzi wa zamani unawafuata watu wa 1896 na 1897 wakiwa hai, wakiogopa, wakisalitiana. Uzi wa leo unamfuata mtafiti: mwanafunzi wa uzamili, mhifadhi wa makumbusho, mwalimu mstaafu au mjukuu aliyeachiwa sanduku la babu. Anatafuta kilichotokea, na nyuzi zinapokezana sura kwa sura hadi mwisho. Mfano wa karibu ni riwaya ya M. G. Vassanji iliyochapishwa 1994, ambamo mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam anapata shajara iliyoanzwa 1913 na ofisa wa Kiingereza, akaanza kuyafuatilia maisha yaliyomo ndani yake.

Waliosoma fasihi sekondari huwa wepesi kuiita mbinu rejeshi. Hapo wanachanganya mambo mawili. Katika mbinu rejeshi hadithi ni moja. Inarudi nyuma kidogo kueleza jambo, kisha inaendelea na safari yake. Huku hadithi ni mbili, kila moja na mhusika mkuu wake, mgogoro wake na mwisho wake. Ukiutoa uzi wa leo, wa zamani bado uweze kusimama wenyewe, na kinyume chake. Kipimo hiki ni kikali na miswada mingi hukwama hapo, kwa sababu mwandishi ameupenda uzi wa zamani, na mtafiti amemfanya tarishi wa kufungua mafaili.

Kinachoziunganisha nyuzi ni kitu: karatasi, kaburi, pete, ramani, fuvu. Kukiita kidokezo hakutoshi. Kitu hicho kipo katika zama zote mbili, na kila zama inakisoma kivyake.

Kabla ya kuandika sura yoyote, jiulize nani anajua nini. Zipo hali tatu. Msomaji anaweza kujua sawa na mtafiti, akaenda naye hatua kwa hatua. Anaweza kujua zaidi: sura ya nne, 1897, amemwona mpishi wa boma akisikia maneno mezani na usiku akayapeleka kwa mzagila mmoja, yaani chifu mdogo wa Kihehe, mwenye kinyongo na Mpangile. Sura ya tano mtafiti anasoma ripoti inayomtaja Mpangile peke yake, naye anaiamini. Sasa msomaji haulizi tena kilitokea nini. Anauliza mtafiti atajua lini, na kabla hajajua atakuwa ameshamharibia nani jina. Hali ya tatu ni msomaji kujua pungufu: mtafiti anakuta katika kitabu cha ubatizo cha 1903 jina la mtu ambaye msomaji alidhani alikufa 1897. Msomaji akirudi uzi wa zamani, kila anachofanya mtu yule kina uzito mpya.

Riwaya nzuri huzizungusha hali zote tatu. Inayobaki kwenye ya kwanza tu huwa hadithi ya upelelezi iliyopoa. Inayobaki kwenye ya pili humfanya mtafiti aonekane mzito wa akili, maana msomaji amemtangulia sura kumi.

Kosa linalorudi mara nyingi kuliko yote ni mwangwi. Sura ya saba inaonyesha mkutano wa siri kwa ukamilifu. Sura ya nane mtafiti anapata barua inayoeleza mkutano uleule. Sura ya tisa anamsimulia rafiki yake. Tukio moja limelipiwa mara tatu. Dawa yake haina huruma: tukio lisirudiwe isipokuwa simulizi ya pili inaipinga ya kwanza. Barua ikisema watu waliokutana walikuwa watatu ilhali msomaji aliwaona wanne, hapo pana sababu ya kuisoma.

Sasa hati zenyewe, ambazo ndizo zinazobeba au kuangusha riwaya ya aina hii. Kwa kila karatasi unayoibuni, andika kwanza pembeni: aliiandika nani, kwa nani, akitaka nini, kwa lugha gani na herufi gani, ilifikaje ilipo leo, nani aliikalia katikati, na ni sehemu gani imepotea. Hati isiyo na majibu ya maswali hayo itanuka ubunifu. Shajara inayoeleza kila kitu kwa mpangilio, yenye mazungumzo kamili na maelezo ya machweo, si shajara. Ni riwaya ndani ya riwaya. Watu huandika ya kwao: deni, homa, mvua, chuki kwa jirani. Jambo kubwa la kihistoria huwa limeguswa kwa mstari mmoja, na mara nyingine mwandishi wake hata hakujua kuwa ni kubwa.

Chukua kitabu cha ubatizo cha misheni ya Kikatoliki, cha aina zilizoandikwa Uhehe tangu wamisionari walipofika miaka ya 1890. Ni daftari refu, maandishi ni ya Kilatini. Kila mstari una nambari, tarehe, jina la Kikristo, jina la asili, wazazi, mdhamini na sahihi ya padri. Mtu mzima akibatizwa, umri wake unakadiriwa. Pembeni kuna nafasi nyembamba ambako baadaye huongezwa habari ya ndoa, pengine kwa mkono wa padri mwingine na wino mwingine. Mtafiti makini hasomi mstari tu, anasoma na pembeni. Mstari wa 1903 unaweza kusema kijana amebatizwa na baba yake ni marehemu. Maneno machache yaliyoongezwa 1921 yanasema amefunga ndoa parokia nyingine, na jina la baba limeandikwa tofauti. Tofauti ya jina moja kati ya wino mbili inatosha kumbeba mtafiti sura tatu, na hakuna hati iliyolazimika kusema zaidi ya vile hati hizo husema.

Majina yenyewe ni mtihani. Wajerumani waliandika Quawa kwa Mkwawa na Mpangire kwa Mpangile. Mtafiti anayetafuta kwa tahajia ya leo atatoka mikono mitupu. Kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, mafaili ya zama za Wajerumani yana herufi G mbele ya nambari. Mafaili ya ofisi kuu ya makoloni yako Berlin chini ya alama R 1001, na mengi yamewekwa mtandaoni. Lakini kuyaona si kuyasoma. Barua za mkono za miaka hiyo zimeandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Mtafiti wa Iringa anayeupitia jioni moja na kupata jibu amevunja imani ya msomaji yeyote aliyewahi kukaa kwenye chumba cha nyaraka. Mpe vikwazo vya kweli: barua ya utambulisho kutoka chuoni, fomu ya kuomba faili, kusubiri, faili lisiloonekana rafuni, picha zinazotumwa kwa msomaji wa mwandiko ule aliye mbali, na neno moja lililosomwa vibaya. Neno hilo ni zawadi kwa mwandishi. Mtafiti akijenga hoja nzima juu ya jina ambalo kumbe ni la mtu mwingine, kosa limetokea kwa njia halali, wala hukuhitaji kumfanya mjinga.

Ukitaka hati ya kughushi ndani ya hadithi, historia ya nchi inakupa vipimo vizuri. Hela, kama sehemu ya mia ya rupia, ilianza 1904. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Barua inayodai kuandikwa 1897 ikitaja malipo ya hela hamsini, imeandikwa baadaye. Hati ya 1912 inayoiita nchi Tanganyika ina walakini, kwa kuwa nchi ilipewa jina hilo rasmi na Waingereza 1920. Barua nyingi za Kiswahili za miaka ya 1890 ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo ya herufi za Kirumi iwe na maelezo: mwandishi amesoma wapi? Mwachie mtafiti agundue kimoja tu kati ya hivi, tena akiwa ameshaitangaza barua hadharani.

Kipo kipimo kingine ambacho sisi Waswahili tunacho mkononi na hatukitumii: saa. Shahidi anasema kwa Kiswahili kwamba alimwona mtuhumiwa mtoni saa tatu, maana yake asubuhi jua likipanda. Karani anayeandika kwa Kizungu anaweka tatu ileile, nayo inakuwa alasiri. Saa sita zimepotea, na mtu asiyekuwepo anawekwa mahali pa kosa. Mtafiti anayefikiri kwa saa za Kiswahili anaweza kuliona hilo mahali ambapo wasomi kadhaa walipita. Ni fumbo lililozaliwa hapa, halikuazimwa popote.

Ushahidi wa mdomo nao una hesabu yake, na waandishi huikosea. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1897 alizaliwa 1885. Akiishi hadi 1958, mjukuu aliyezaliwa 1945 amemsikia kwa masikio yake, na leo mjukuu huyo ana miaka themanini au zaidi. Kwa hiyo kati ya mtafiti na aliyeshuhudia anaweza kusimama mtu mmoja tu. Ukiweka bibi wa miaka 60 anayedai kusimuliwa na aliyeshuhudia, hesabu inabana: shahidi huyo lazima awe ameishi karibu miaka tisini. Na mazungumzo yaende kwa adabu ya mahali. Mtafiti haingii na kinasa sauti mkononi. Anaanza na kamwene, salamu ya Kihehe, anakaa, anaulizwa ni wa nani, anapewa chai. Swali lenyewe huja mwishoni, na jibu huja nusu: "Hilo la Mpangile babu alilisema, mjukuu wangu. Ila jina la aliyempeleka hakulitaja mbele ya watoto." Jibu la namna hiyo ni tamu kuliko ungamo la kurasa nne, kwa sababu linaeleza pia kwa nini ukoo umenyamaza mpaka leo.

Uzi wa leo ndio unaodhoofika katika miswada mingi, na chanzo chake ni bei. Mtafiti asipofanikiwa, anapoteza nini? Waandishi wanaohisi udhaifu huo humletea adui mwenye bastola anayeitaka barua ya 1897. Hakuna anayeua kwa ajili ya barua ile. Tafuta kinachouma leo hapa Nyanda za Juu Kusini. Ardhi inauma: tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 familia zinaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na swali la nani alitangulia kulima bonde fulani linaweza kuchafua mkutano wa kijiji. Barua ya zamani haimpi mtu shamba kisheria, lakini inaweza kuvunja undugu wa koo mbili zilizooana. Heshima ya ukoo inauma, tambiko linauma, uchumba unauma. Mtafiti akigundua kwamba babu wa mchumba wake ndiye aliyepeleka maneno bomani, hahitaji kukimbizwa na gari jeusi. Inatosha aamue kama ataandika au atanyamaza.

Vipimo vya ujenzi. Kwa riwaya ya maneno 80,000, sura 32 za maneno kama 2,500 zinafanya kazi vizuri: 18 za zamani, 14 za leo. Zamani inahitaji zaidi kwa kuwa msomaji hana picha ya boma, wapagazi, rugaruga na njaa ya vita. Ya leo anaijua. Daraja la kwanza kati ya nyuzi liwe limeonekana kabla ya neno la 5,000, la sivyo msomaji anahisi ameuziwa vitabu viwili. Usipokezane moja kwa moja hadi mwisho kwa utaratibu uleule. Kuanzia robo ya mwisho, weka sura mbili za zamani mfululizo, kisha moja fupi ya leo, ili pumzi ibadilike. Kata sura pale swali limefunguka. Ukiikata mhusika anapokwenda kulala, na msomaji atakwenda kulala.

Kila sura ijitambulishe ndani ya sentensi mbili za mwanzo, maana vichwa vyenye tarehe wasomaji huviruka. Sarufi yetu inasaidia hapa: uzi wa zamani uende kwa -li- na -ka-, wa leo kwa -na- na -me-. Tofauti hiyo husikika hata mtu akisomewa gizani. Chunga pia msamiati. Mzagila wa 1896 hazungumzi juu ya changamoto wala mchakato.

Tengeneza kalenda mbili kwenye karatasi moja, zikitazamana. Upande wa zamani weka nguzo zisizohamishika: 17 Agosti 1891, kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski kinapigwa Lugalo naye anauawa; 30 Oktoba 1894, Kalenga, ngome ya Mkwawa, inavunjwa; 1896, ofisa Mjerumani Tom von Prince yuko Iringa na ngome mpya; Desemba 1896 na Februari 1897, Mpangile anasimikwa, kisha ananyongwa; 19 Julai 1898, Mkwawa anakufa. Kisha weka majira. Desemba hadi Februari ni mvua Iringa: mito imejaa, mahindi shambani, nyayo zinaonekana kwenye tope, na anayetoka bomani usiku anarudi na matope miguuni. Julai ni baridi kavu yenye upepo. Moto unaonekana mbali, na mtu anayejificha hana budi kuchagua kati ya kuota moto na kuonekana. Kalenda peke yake itakuandikia matukio mawili au matatu ambayo usingeyabuni.

Mkondo wa fuvu la Mkwawa unaonyesha kwa nini mwandishi asikimbilie kufunga kila kitu. Sajini Mjerumani Merkl na doria yake walikuta miili miwili, ya Mkwawa na ya kijana aliyekuwa naye. Merkl alifyatua risasi akidhani amemkuta hai, kumbe walikuwa wamekwisha kufa. Kichwa kikakatwa kikapelekwa bomani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kiliitaka irudishe Kurani ya Khalifa Uthman kwa mfalme wa Hejaz. Fuvu halikuja. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi, na moja likachaguliwa kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya jamaa za Mkwawa na kwa tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Tangu hapo wapo wanaohoji kama ndilo.

Mtafiti wa riwaya anaweza kusimama mbele ya shaka hiyo, lakini mwandishi asimpe kipimo cha DNA kinachomaliza ubishi ambao historia haijaumaliza. Msomaji atafunga kitabu akiamini jambo lisilo kweli kuhusu watu ambao vizazi vyao vinaishi Kalenga. Watu halisi wafanye yale ambayo kumbukumbu zinaruhusu. Usaliti, uongo na mapenzi ya siri wapewe watu wa kubuni wanaopita kwenye mapengo: mpishi, mkalimani, mke wa askari, mpagazi. Ni suala la adabu, tena lina faida ya kiufundi, kwani msomaji anajua Mpangile atanyongwa ila hajui mpishi atafanywa nini.

Si Iringa pekee yenye hazina hii. Dhahabu ya Lupa, Chunya, iliwavuta wachimbaji wengi miaka ya 1920 na 1930 na kuacha mashimo na kesi. Rungwe ina misheni ya Wamoraviani tangu 1891. Njombe ilikuwa na misheni ya Yakobi, iliyoshambuliwa 1905 wakati wa Maji Maji. Kila mahali pana kitu cha kushika mkononi na swali ambalo karatasi hazikulimaliza.

Mwisho wa nyuzi hauhitaji kuwa wa pamoja. Mpangilio unaofanya kazi mara nyingi ni uzi wa leo kufungwa kwanza: mtafiti anafikia hitimisho lenye kasoro, analitolea uamuzi na kulipa bei yake. Kisha sura ya mwisho inarudi 1897 na kumwonyesha msomaji kile ambacho mtafiti hatakijua kamwe, kwa sababu hakuna aliyekiandika.

Baada ya sura hiyo weka ukurasa mmoja au miwili wa maelezo ya mwandishi, useme wazi kipi ni kipi. Kwa riwaya tuliyokuwa tukiitungia mifano, ukurasa huo ungesema: kusimikwa na kunyongwa kwa Mpangile ni kweli, na tuhuma zake zilikuwa za Wajerumani; mpishi, mzagila mwenye kinyongo na barua ni vya kubuni; mstari wa 1903 ni wa kubuni ila umefuata sura ya vitabu vya ubatizo vya zama hizo; bonde linalogombewa halipo kwenye ramani.